Lebo Zilizokatwa Miguuni mwa Panya

Wahusika ni watatu. Wa kwanza ni mkuu wa utawala wa ghala la vielelezo vya wanyama nilikofanya kazi hadi nilipostaafu. Ndiye aliyeamuru lebo za panya zikatwe. Wa pili ni kaka yangu mkubwa, mwenyekiti wa kikao cha ukoo wetu hapa Juba; ndiye aliyemhukumu mke wangu bila ushahidi, kisha akadai ushahidi ndipo amwachilie. Wa tatu ni mimi, karani wa kikao hicho, niliyeiandika hukumu kwa mkono wangu na kuitia saini. Nimewapanga kwa vyeo. Ningewapanga kwa uzito wa kosa, ningeanza na karani.

Majina siyaandiki. Anayehusika atajitambua.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyokuwa ya nyumba yetu. Mimi nilikipata uhamishoni, nikiwa mwanafunzi nchini Kenya. Mke wangu alizaliwa nacho. Alikuwa Mkenya, mwalimu wa hesabu, na alikuja Juba kufundisha mwaka uleule niliporudi kuanza kazi serikalini. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye aliniita Bwana Karani, na kwa miaka mingi hatukuhitaji majina mengine. Kikao cha ukoo huzungumza Kiarabu cha Juba. Maneno ya kikao yaliyomo humu nimeyatafsiri mwenyewe, na sikuyapunguza makali.

Binti yetu alizaliwa na ualbino. Mimi ni mweusi, mama yake alikuwa mweusi, na mtoto alikuja na ngozi ya waridi, nywele kama nyuzi za hindi bichi, na macho yasiyotulia, kana kwamba yanatafuta mahali pa kutua. Mkunga alimfunika haraka. Mke wangu alimfunua. “Mpe baba yake amwone vizuri,” alisema. Nilimwona. Sikusema neno, na huo ndio ukimya wangu wa kwanza ambao sijausamehe.

Sasa ni lazima nieleze habari ya kitabu. Marehemu baba yetu, tulipokuwa tumetawanyika katika nchi tatu, alinunua kitabu kikubwa chenye jalada gumu na kuagiza kwamba kila mtoto wa ukoo atakayezaliwa atajwe mbele ya wazee na kuandikwa humo, ili vita isimpoteze mtu. Tangu hapo, asiyeandikwa kitabuni hahesabiwi kuwa wa kwetu. Haitwi kwenye matanga, wala hapati nafasi katika makaburi ya ukoo. Nilikabidhiwa kitabu hicho nikiwa kijana kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na kumbukumbu za vikao vyote zimo humohumo, upande wa nyuma.

Kikao cha binti yangu kilifanyika asubuhi, uani kwa kaka. Aliuliza swali moja: “Rangi hii imetoka wapi?” Akaendelea mwenyewe. “Mji umejaa wageni weupe wenye magari makubwa. Mwalimu anafundisha watoto wao. Mimi simshtaki mtu, nauliza tu.” Wazee wakaguna. Kaka akanigeukia. “Karani, una la kusema?” Nilikuwa na kalamu mkononi. Nikasema sina.

Niliandika hivi: Imeamuliwa kwamba mama wa mtoto akae nje ya boma la ukoo, na mtoto asiandikwe kitabuni, hadi itakapothibitika rangi ilikotoka. Nakumbuka kwamba niliridhika kidogo na jinsi sentensi ilivyokaa. Nimeliweka hilo hapa kwa sababu ni kweli.

Mke wangu aliomba kuona ukurasa. Aliusoma mara mbili, kama anayesahihisha mtihani. “Mwandiko ni wako,” alisema.

“Ni uamuzi wa kikao,” nikamwambia.

“Sikukuuliza uamuzi ni wa nani. Nimesema mwandiko ni wako.”

Alipanga chumba mtaa wa Nyakuron, nyuma ya duka la Msomali mmoja mstaarabu aliyemwekea maji na kumwagizia mtoto kofia pana kutoka Nairobi bila kuombwa. Mimi nilibaki bomani. Sikumpa talaka, wala sikumfuata. Kila Jumapili baada ya ibada nilipitia soko la Konyo Konyo nikanunua mboga na samaki, nikakaa naye saa mbili, nikarudi. Nilijiambia kwamba hukumu ilikuwa na masharti, na masharti yakitimizwa ingefutwa. Nilisubiri hivyo miaka, kama mtu aliyewasilisha ombi na kupewa namba.

Kazini nilikuwa mtunza rejista. Ghala letu lilikuwa la wanyama wadogo wa porini: panya, popo, virukanjia, kuchakulo, ngozi zilizojazwa pamba na kulazwa chali katika trei za mbao. Kila kielelezo hufungiwa lebo ya karatasi ngumu kwenye mguu wa nyuma, kwa uzi. Juu ya lebo mkusanyaji huandika siku hiyohiyo, kwa wino usiofutika: mahali, jinsia, vipimo, wazazi wanapojulikana, na rangi ya macho. Macho yana sababu yake. Mnyama akichunwa, macho hutupwa, na mahali pake huchungulia pamba. Yupo mweupe ambaye macho yake yalikuwa meusi, naye si mwenye ualbino. Yupo ambaye macho yake yalikuwa mekundu, naye ndiye. Wakishakauka hawatofautiani hata kidogo. Aliyekatiwa lebo ni ngozi tu.

Alikuja kwetu mtafiti mmoja, mwanamke wa hapahapa, binti wa wavuvi, aliyesomea urithi wa viumbe ng’ambo na kurudi. Siku moja wachukuzi wa bandari ya mto walimletea panya wa majani mweupe, dume, waliyemnasa kwenye nyasi karibu na mahali majahazi ya chuma yanapopakia magunia ya kwenda kaskazini. Mchukuzi aliyembeba kwenye mkebe alikuwa na haraka ya kumwachia. “Ustaz, mchukueni huyu jini wenu,” aliniambia. “Jamaa wanataka kugoma, wanasema mzigo hautafika.”

“Mzigo usipofika ni kwa sababu nahodha amelewa,” mtafiti akajibu kutoka ndani. “Mwache hapo, na mkebe wako nitaurudisha.”

Alimweka kwenye kizimba, akamletea majike wa kahawia kutoka ukingo uleule. Baadhi walizaa watoto wa kahawia tu. Akawalea, akawapandisha ndugu kwa ndugu, dume wa kahawia na jike wa kahawia. Asubuhi moja akaniita nikiwa na rejista yangu kifuani. Katika kizimba mlikuwa na mama wa kahawia, baba wa kahawia, na watoto wanane, wawili kati yao weupe, ngozi yao ikionyesha maziwa tumboni.

“Umeona, Mzee wa Rejista?”

“Nimeona. Mweupe ameingia lini?”

Alicheka mpaka akashika meza. “Hajaingia mtu! Kizimba kimefungwa, ufunguo ninao mimi. Hawa ni wa hawa.”

Nikamwomba anieleze polepole, kwa kuwa ningepaswa kuandika. Akavuta kiti. Kila mtoto, alisema, hupokea maagizo mawili ya kutengeneza rangi, moja kwa baba na moja kwa mama. Likiwa zima moja tu, linatosha. Manyoya yanakuwa kahawia, na hakuna atakayejua kwamba la pili ni bovu. Mweupe hutokea pale anapopokea mabovu yote mawili. Wazazi wanaobeba agizo bovu kimyakimya wakikutana, kwa wastani mtoto mmoja katika wanne huwa mweupe. Mimba moja inaweza isitoe hata mmoja, nyingine ikatoa watatu. Porini, mweupe hamalizi mwezi. Mwewe humwona kutoka mbali, lakini yeye hamwoni mwewe, kwa sababu rangi inayokosekana kwenye manyoya ndiyo inayokosekana ndani ya jicho. Anakufa. Lakini agizo halifi, linaendelea kutembea ndani ya wale wa kahawia, vizazi na vizazi, bila mtu kulishuku.

“Kwa hiyo mama peke yake hawezi kumleta?” niliuliza.

“Hawezi. Hata angekuwa na makosa yote ya dunia. Lazima na baba awe amelibeba.”

“Na binadamu?”

Akaacha kucheka. “Binadamu ni hivyohivyo,” akasema. “Mzee, mbona umefunga rejista?”

Nikaifungua tena, nikamwomba anitajie namba za vizimba.

Jumapili hiyo sikwenda sokoni. Nilikwenda moja kwa moja Nyakuron nikamweleza mke wangu yote, pamoja na namba za vizimba. Alikuwa akisahihisha madaftari. Binti yetu alikuwa mlangoni, kitabu kikiwa karibu na pua yake, akisoma herufi mojamoja.

“Kwa hiyo ni wewe na mimi,” alisema mke wangu.

“Ni mimi na wewe.”

“Nusu kwa nusu.” Hesabu hiyo ilimfurahisha, nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza katika chumba kile. Kisha akaweka kalamu chini. “Basi nenda ukawaambie.”

“Nitakwenda na ushahidi. Utafiti ukikamilika, nitaomba trei, nitaweka mbele ya kikao.”

“Bwana Karani, mimi sikuomba panya. Nimeomba usimame useme.”

Nilimweleza kwamba uamuzi ulioandikwa hufutwa kwa maandishi yenye uthibitisho, na kwamba nikisimama na maneno matupu kaka atayapangua na mlango utafungwa kabisa. Nilisema hayo kwa upole na kwa mpangilio mzuri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauvuta tena mrundo wa madaftari.

Utafiti ulikamilika, panya wakachunwa na kujazwa, kila mmoja na lebo yake mguuni. Mtafiti alipata kazi nchi ya mbali akaondoka. Mimi nikafikisha umri wa kustaafu, nikakabidhi rejista. Bado sikuwa nimekwenda kwa kaka. Kulikuwa na mapigano, kisha mafuriko, kisha kaka aliugua, kisha akapona. Nimejaribu kuzipanga sababu hizo katika safu na hazijazi ukurasa.

Hatimaye nilikwenda. Kaka alikuwa uani akinywa chai. Nilimweleza kuhusu panya wa bandarini, naye akaita wake zake waje wasikie.

“Njooni! Karani amepata shahidi. Ana mkia!”

“Ni vielelezo vya serikali,” nilisema.

“Mwalimu anajua kwamba unataka kumwachilia kwa panya?” Alijifuta machozi ya kicheko. Lakini hakuwa mtu wa kupuuza kabisa, lazima niandike hivyo. “Sikiliza, mdogo wangu. Mimi siyo mkatili. Lete. Nionyeshe baba mwenye rangi, mama mwenye rangi, na mtoto wao mweupe, na karatasi inayosema ni wao. Nikiona, nasimama mimi mwenyewe na ukurasa ule tunauchana.”

“Hauchanwi. Unaandikwa uamuzi mpya chini yake.”

“Khalas, unaandikwa chini yake. Lete.”

Niliandika barua ghalani kuomba kuazima trei moja. Kibali kilikuja haraka kuliko nilivyotarajia, na hilo lingenishtua kama ningekuwa bado kazini. Mkuu mpya wa utawala alinipokea vizuri, akanitengea kiti. Trei ilikuwa tayari mezani, imepangwa kwa ukubwa. Kila panya alikuwa na lebo mpya, nyeupe, iliyochapwa kwa mashine: aina ya mnyama, na namba ya mfululizo.

“Lebo za zamani ziko wapi?” niliuliza.

“Zile? Mzee, zilikuwa zimechakaa, zina madoa ya damu. Tulikuwa na wageni wa ukaguzi. Nikaagiza zikatwe, tukaweka hizi. Si unaona zilivyo safi?”

“Zilinakiliwa kabla ya kukatwa?”

“Nilidhani ziko kwenye rejista.”

“Rejista haina safu ya wazazi. Haina safu ya macho. Ndiyo maana vikaandikwa kwenye lebo.”

“Malesh, pole, Mzee.” Alisema kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. “Lakini idadi haijapungua hata mmoja. Unaweza kuhesabu.”

Lebo zilikuwa zimechomwa pamoja na takataka za ofisi. Madaftari ya mtafiti yalikuwa yameliwa na mchwa msimu uliotangulia. Nilimwandikia mtafiti mwenyewe, akanijibu siku ileile kwamba hakuchukua nakala, kwamba kila kitu alikiandika kwenye lebo, na kwamba anafurahi zipo mikononi mwangu. Sijamjibu.

Na rejista ile isiyo na safu, nani aliyeichora? Mimi. Nilipoanza kazi niliombwa nipendekeze safu, nikapendekeza saba. Nilisema wazazi na macho ni mambo ya lebo, yatajaza ukurasa bure.

Nilibeba trei hadi kwa kaka kwa bodaboda, nimeikumbatia. Wazee walikuwa wamekaa. Mke wangu nilimwomba asije. Alikuja, na binti yetu, wakakaa karibu na lango. Nilieleza somo la maagizo mawili kama nilivyoelezwa mimi. Nikaongeza, kwa kuwa ilikuwa sahihi kuongeza, kwamba hili peke yake halithibitishi kwamba mimi ndiye baba wa mtoto; linathibitisha kwamba shtaka halikuwa na msingi tangu mwanzo. Niliona mke wangu akifumba macho.

Walisikiliza vizuri kuliko nilivyoogopa. Shangazi yetu, ambaye sasa ni mzee sana, akasema ghafla kwamba alikuwepo mtoto mweupe zamani, wa dada yake mkubwa, kabla ya uhamisho, na hakuishi.

“Karani,” akasema kaka, “yumo kitabuni?”

Nilifungua, nikapitisha kidole kwenye kurasa za mwanzo. “Hayumo.”

“Hayumo,” kaka akarudia, kana kwamba nimemjibu zaidi ya alichouliza. Akainama juu ya trei. Walikuwapo panya wa kahawia ishirini na wawili na weupe watano, wote chali, wote na macho ya pamba. “Basi nionyeshe. Huyu mweupe, baba yake yupi?”

Nilitazama. Nilikuwa nimewaona wakiwa hai. Nilikuwa nimesimama mbele ya kizimba chao na kalamu. Niliwatazama ishirini na wawili, mmoja baada ya mwingine, na walikuwa sawasawa kama punje za mtama.

“Yumo humu,” nilisema.

“Yupi?”

Ningeweza kugusa yeyote. Hakuna mtu uani pale, wala duniani, angeweza kunipinga. Kaka alikuwa amekwisha kuuweka mkono wake kwenye mkongojo ili asimame, nilimwona. Alikuwa anataka kusimama. Alikuwa anataka nimwonyeshe.

“Sijui,” nikasema.

Kaka alikaa tena polepole. Kijana wa binamu yetu akauliza kama wale weupe si jua tu lililowapausha, kama nguo zinazoachwa kwenye kamba, na bila rangi ya macho sikuwa na la kumjibu. Kikao kikafungwa. Niliandika kwamba kimefungwa.

Nilimsindikiza mke wangu hadi barabarani. Hakukasirika. “Ungegusa yeyote,” alisema.

“Ingekuwa uongo.”

“Yumo au hayumo katika trei ile?”

“Yumo.”

“Basi uongo ungekuwa wapi? Katika kidole?” Alimtengeneza binti yetu kofia, ingawa ni mtu mzima na kofia ilikuwa imekaa vizuri. “Mimi nilidhani siku moja utakosea kwa ajili yangu, Bwana Karani. Mara moja tu.”

Mke wangu aliugua wakati wa mvua za mwaka huohuo, akafa hospitali baada ya siku tisa. Nilikuwapo. Siku ya saba nilimwambia kwamba nitaitisha kikao kingine. Aliniomba nimgeuzie mto. Sina maneno mengine ya kuyaandika kuhusu siku hizo yaliyo ya kweli na yanayofaa kusomwa.

Makaburi ya ukoo hayakufunguliwa kwa sababu ukurasa haukuwa umefutwa. Kaka alilia, na akasema mikono yake imefungwa na kitabu. Wadogo wa marehemu walikuja kutoka Kenya wakamchukua kwa ndege. Hawakunituhumu kwa lolote. Mmoja wao alinishukuru kwa kumtembelea dada yao kila Jumapili, nami nikapokea shukrani hiyo kwa sababu sikujua namna ya kuirudisha.

Binti yangu anafundisha sasa katika shule ya mama yake. Anaandika ubaoni kwa herufi kubwa, akiwa amesimama karibu mno na ubao, na wanafunzi wake wamejifunza kusubiri asogee ndipo wasome. Mwezi uliopita aliniuliza, bila hasira, nikifa mimi atasimama wapi uani: upande wa ndugu, au langoni. Nilifungua mdomo nimpe utaratibu. Utaratibu haupo.

Kwa hiyo nawasilisha yafuatayo, na nakala nimezipeleka kwa kila mhusika kwa mkono, nikasubiri zipokelewe.

Ghala lieleze kwa maandishi ni nani aliyekata lebo za panya wa majani, kwa idhini gani, na ni vielelezo vingapi vingine vimefanywa ngozi tupu kwa njia hiyo. Mkuu wa utawala asinijibu kwamba idadi haijapungua.

Mwenyekiti wa ukoo aitishe kikao kabla ya mwezi huu kwisha. Shtaka lisilo na ushahidi lisingojee tena ushahidi wa kulikanusha; aliyelileta alithibitishe au aliondoe mbele ya watu walewale waliolisikia. Marehemu atajwe humo kama mke wa ukoo. Mtoto wa dada yake shangazi, aliyekufa bila kuandikwa, aandikwe. Binti yangu aandikwe.

Karani ahojiwe wa kwanza. Aulizwe kwa nini alisema hana la kusema, na jibu lake liandikwe neno kwa neno, lisisafishwe. Kwa kuwa hawezi kuandika kesi inayomhusu, nadai kwamba kumbukumbu za kikao hicho ziandikwe na binti yangu, akiwa amekaa mezani. Na kama herufi zake ni kubwa kuliko mistari ya kitabu chetu, kinunuliwe kitabu kingine.